Mtu kwa Kifungu Kimoja: Majimbo ya Marekani na Mtoto Aliye Tumboni

Desemba 2020, mjini Mobile, Alabama, mgonjwa mmoja aliyelazwa hospitalini alipenya hadi chumba cha kliniki ya uzazi ambamo viinitete, yaani mayai ya uzazi yaliyokwisha kurutubishwa, huhifadhiwa kwenye baridi kali. Akavichukua baadhi, baridi ikamuunguza mkono, akaviachia vikaanguka sakafuni vikaharibika. Wanandoa wa familia tatu waliokuwa na matumaini yao katika tangi lile wakaenda mahakamani. Walitumia sheria ya jimbo ya mwaka 1872, inayomruhusu mzazi kudai fidia pale mtoto wake mdogo anapokufa kwa kosa la mtu mwingine.

Mahakama ya Juu ya Alabama ilijibu tarehe 16 Februari 2024: kiinitete kilicho ndani ya tangi la kugandishia ni mtoto kwa mujibu wa sheria hiyo, na sheria haibagui watoto kwa kuangalia mahali walipo. Jaji Mkuu Tom Parker akaongeza maoni yake binafsi, akanukuu Biblia na wanatheolojia kama wakili anukuuvyo hukumu za nyuma. Siku chache baadaye kliniki kadhaa, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, zilisitisha upandikizaji wa mimba. Daktari gani angekubali kushika kitu ambacho kikimponyoka mkononi anageuka muuaji wa mtoto?

Kilichofuata ndicho hasa kinachonivutia. Bunge la Alabama, ambalo Republican wanalishika kwa wingi mkubwa na ambalo lilikuwa limejinadi miaka mingi kuwa mtetezi wa asiyezaliwa, lilikimbizana na muda. Wiki tatu hazikutimia. Tarehe 6 Machi Gavana Kay Ivey alitia saini sheria mpya inayowapa kliniki na madaktari kinga dhidi ya mashtaka ya jinai na madai ya fidia, endapo kiinitete kitaharibika au kufa wakati wa huduma hiyo. Sheria hiyo haisemi kiinitete ni mtoto, wala haisemi si mtoto. Imelikwepa swali kabisa. Kwa hiyo Alabama ya leo ina watoto ndani ya matangi, na sheria inayosema wakifia kliniki hakuna wa kuulizwa.

Naiona hadithi ya sheria za mimba katika majimbo ya Marekani yote imo ndani ya wiki hizo tatu. Kuandika kwamba asiyezaliwa ni mtu ni kazi rahisi. Ni sentensi moja, inapigiwa makofi, inaleta kura. Kazi ngumu ni kuandika yanayofuata: nani atashtakiwa, kwa kosa gani, atafungwa miaka mingapi, mama akiwa hatarini nani aamue, kodi ihesabiweje, mirathi igawanyweje. Hayo wabunge huwaachia majaji, waendesha mashtaka, madaktari wa zamu na makarani wa mapato. Matokeo yakiwaumiza wapiga kura wenye sauti, kiraka hushonwa haraka. Yakiwaumiza wasio na sauti, hubaki yalivyo.

Na si jambo jipya. Katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyoamuliwa mwaka 1973 na kuhalalisha utoaji mimba kote Marekani, mawakili wa Texas walisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani wakidai kijusi ni mtu anayelindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Jaji Harry Blackmun, aliyeandika hukumu, aliwajibu katika tanbihi fupi ambayo kwangu ina uzito kuliko kurasa nyingi za hukumu yenyewe. Kama kijusi ni mtu, aliuliza, kwa nini Texas inaruhusu kiuawe ili kumwokoa mama, ilhali hakuna mtu anayeweza kunyimwa uhai bila kufuata utaratibu wa sheria? Kwa nini mwanamke aliyeomba mimba itolewe hahesabiwi kuwa mshiriki wa kosa? Na kwa nini adhabu ya kutoa mimba ilikuwa kifungo cha miaka miwili hadi mitano, chini sana ya adhabu ya kuua?

Unaweza kuipinga Roe kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na wanasheria makini wengi waliipinga, lakini maswali yale bado yapo mezani. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliitengua Roe katika kesi ya Dobbs, kesi iliyotokana na sheria ya Mississippi ya kuzuia utoaji mimba baada ya wiki 15. Jaji Samuel Alito alirudisha suala hilo kwa wananchi na wawakilishi wao, huku mahakama ikijizuia kusema asiyezaliwa anaanza lini kuwa na haki. Majimbo zaidi ya kumi yakapiga marufuku karibu kila utoaji mimba. Mamlaka waliyoyalilia miaka 49 sasa yalikuwa mikononi mwao, pamoja na maswali ya Blackmun.

Tazama walivyoyajibu. Sheria ya Alabama ya 2019 inampa daktari anayetoa mimba kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi 99, au maisha. Mwanamke mwenyewe haguswi. Ndivyo ilivyo katika karibu kila jimbo lenye marufuku: anayebebeshwa kosa ni mtoa huduma. Viongozi wa harakati za kupinga utoaji mimba husema mwanamke naye ni mwathirika, na sioni sababu ya kuwaita wanafiki. Wengi wao wanaamini hivyo kwa dhati, na wamejenga nyumba za kuwahifadhi akina mama. Lakini hakuna jinai nyingine ya kuua ambayo aliyeipanga, akailipia, akaenda mwenyewe hadi mahali ilipotendeka, anaambiwa rudi nyumbani, wewe ni mwathirika.

Wapo walioona pengo hilo wakataka kuliziba. Mei 2022, kabla hata Dobbs haijatolewa, kamati ya Bunge la Louisiana ilipitisha muswada uliotaka utoaji mimba uwe kosa la kuua tangu utungaji wa mimba, na mwanamke ashtakiwe kama mtu mwingine yeyote. Walioupigania hujiita wakomeshaji, na wengi ni wachungaji na waumini wao. Waliouzima muswada ule hawakuwa wanaharakati wa haki za wanawake peke yao. Mashirika makubwa ya kupinga utoaji mimba, likiwemo la Louisiana kwenyewe, yaliupinga hadharani. Ukifuata mantiki ya sentensi yao wenyewe, wakomeshaji ndio waliokuwa sahihi. Wenzao waliiangalia mantiki hiyo hadi mwisho wake wakarudi nyuma, na nawashukuru kwa kurudi nyuma. Ila ukishindwa kukaa na matokeo ya sentensi yako, pengine hukuwa unaiamini jinsi ulivyoiandika.

Georgia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kujaribu kuiandika sentensi hiyo kikamilifu, na kwa hilo inastahili kusomwa kwa makini. Sheria yake, iliyosainiwa na Gavana Brian Kemp Mei 2019 na kuanza kutumika Julai 2022, inamtaja mtoto aliye tumboni kuwa mtu wa asili, yaani binadamu mbele ya sheria, inataka ahesabiwe katika takwimu za idadi ya watu za jimbo, na inazuia mimba kutolewa pindi mapigo ya moyo yanapoonekana, yaani karibu wiki ya sita. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwanamke anayefikisha wiki sita amechelewa hedhi kwa kama wiki mbili tu. Wengi hawajajua kama wana mimba. Agosti 2022 idara ya mapato ya jimbo ikatangaza kwamba mjamzito anaweza kumworodhesha aliye tumboni kama tegemezi na kupata nafuu ya kodi ya dola 3,000.

Hapo angalau wabunge walifanya hesabu. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mimba ya kubakwa itolewe hadi wiki ya 20, mradi taarifa imefikishwa polisi. Mimi sina ugomvi na ruhusa hiyo. Ningeiandika kwa upana zaidi. Nauliza tu, kwa mujibu wa sheria yenyewe: huyu mtu wa asili mwenye nafuu ya kodi anapotezaje uhai wake kwa sababu ya kosa la baba yake? Na je, haki yake ya kuishi inategemea kama mama yake alikwenda kituoni? Jibu ni kwamba waandishi wa sheria walijua ndani ya mioyo yao kwamba hali ya mwanamke ina uzito, na kwamba uzito huo lazima upimwe. Wakaupima kimyakimya, kwenye vighairi, huku kifungu cha ufafanuzi kikiendelea kutangaza kwamba hakuna cha kupima.

Februari 2025 sheria ile ilifika chumba cha wagonjwa mahututi mjini Atlanta. Mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi miwili hivi alithibitishwa kuwa ubongo wake umekufa. Kisheria alikuwa amekufa. Familia yake ilielezwa kwamba kwa sababu ya sheria ya jimbo, mashine haziwezi kuzimwa hadi mtoto afike umri wa kuweza kuishi nje. Mwili ukapumulishwa miezi kadhaa, na mwezi Juni mtoto akatolewa kwa upasuaji akiwa na uzito usiofika kilo moja. Mama wa marehemu alisema uamuzi ulipaswa kuachwa kwa familia. Hakusema wangechagua nini. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Georgia, Chris Carr, ikatoa tamko kwamba sheria haimlazimishi daktari kuendelea na mashine, kwa kuwa kuzima mashine ya aliyekufa si kitendo chenye lengo la kutoa mimba. Lakini Ed Setzler, mbunge aliyeuwasilisha muswada ule mwaka 2019, alisema hospitali ilifanya sawasawa. Mwanasheria wa serikali na baba wa muswada, wote wa chama kimoja, waliisoma karatasi moja wakatoka na majibu mawili. Daktari wa zamu angejuaje?

Texas ina visa viwili ambavyo ukiviweka pamoja unacheka kisha unaacha kucheka. Cha kwanza ni cha majira ya joto ya 2022: mwanamke mwenye mimba ya wiki 34 alisimamishwa na polisi eneo la Dallas kwa kuendesha peke yake kwenye njia ya magari yenye watu zaidi ya mmoja. Akamwonyesha askari tumbo lake. Kanuni ya adhabu ya Texas inamtambua asiyezaliwa kuwa mtu binafsi. Sheria ya barabarani haimtambui. Faini ikaandikwa, baadaye ikafutwa. Cha pili kilitangulia kwa miezi michache, Aprili mwaka huo huo, katika Kaunti ya Starr karibu na mpaka wa Mexico: mwanamke alikamatwa kwa shtaka la kuua, kwa madai ya kujitoa mimba, akalala rumande, dhamana nusu milioni ya dola. Mwendesha mashtaka akafuta shtaka siku chache baadaye kwa sababu sheria ya Texas yenyewe haimruhusu kumshtaki mwanamke kwa kosa hilo. Waliomkamata walikuwa wamesoma nusu ya kwanza ya sheria, ile inayosema aliye tumboni ni mtu, wakatenda kama watu walioielewa.

Sasa rudi Alabama, kwa watu ambao hakuna bunge lililowakimbilia. Mwaka 2006 jimbo lilitunga sheria dhidi ya kumweka mtoto katika hatari ya kemikali; shabaha ilikuwa nyumba zinazopikiwa dawa za kulevya huku watoto wakicheza ukumbini. Waendesha mashtaka wakaanza kuitumia kwa wajawazito waliokutwa na dawa mwilini. Januari 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabariki: neno mtoto katika sheria ile linamhusu pia aliye tumboni. South Carolina ilikuwa imefika huko tangu 1997, kwa kijusi kilichofikia umri wa kuweza kuishi nje. Mamia ya wanawake wamekamatwa Alabama chini ya tafsiri hiyo, na wengi wao ni maskini. Madaktari wa uzazi wameonya mara nyingi kwamba mwanamke anayeogopa pingu haendi kliniki, na asipokwenda kliniki anayeumia kwanza ni yule yule anayedaiwa kulindwa.

Lile tangi la Mobile lilipata sheria mpya ndani ya wiki tatu. Wanawake hawa wamesubiri tangu 2006. Wahenga walishasema mkuki kwa nguruwe, na hapa si lazima uumalizie. Wanaotafuta mtoto kwa upandikizaji hulipa maelfu ya dola, wana mawakili, na wengi wao huwapigia kura wabunge wale wale. Sisemi walistahili kuteseka. Nasema kasi ya bunge ilionyesha kwamba wabunge walijua fika sentensi yao inaweza kumdhuru nani, na walikuwa na kizingiti cha nani akidhurika ndipo watashtuka. Hata mmoja wa waandishi wa sheria ya 2019, Seneta Clyde Chambliss, aliwahi kuwatuliza wenzake bungeni kwamba yai la maabara halihusiki, kwa kuwa haliko ndani ya mwanamke. Kwake, basi, utu ulitegemea mahali. Majaji walipoamua miaka mitano baadaye, katika sheria nyingine, kwamba mahali si hoja, walikuwa wanaisoma sentensi kwa makini kuliko alivyoisoma yeye.

Wananchi wa kawaida wamelielewa hili mapema kuliko viongozi wao. Kura za kumtangaza asiyezaliwa kuwa mtu zimepigwa Colorado mwaka 2008, 2010 na 2014, na mara zote zimeangushwa vibaya. Unaweza kusema Colorado ni jimbo la waliberali. Basi tazama Mississippi, Novemba 2011, jimbo la makanisa kila kona: asilimia 58 walikataa. Kabla ya kura hiyo madaktari walikuwa wamepita wakiuliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu upandikizaji, mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe, kama atafanyiwa uchunguzi wa polisi. Alabama 2018 ilikuwa kinyume. Pale wananchi waliulizwa kama wanaunga mkono utakatifu wa uhai wa asiyezaliwa, kama tamko la sera, bila orodha ya matokeo. Asilimia 59 wakasema ndiyo. Majaji wa 2024 waliliweka tamko hilo kwenye hukumu yao.

Arizona walijaribu njia ya mkato mwaka 2021: kifungu kinachosema sheria zote za jimbo zisomwe kana kwamba aliye tumboni ana haki za mtu, popote pale. Julai 2022 jaji wa shirikisho, Douglas Rayes, alikisimamisha kwa sababu hakuna daktari ambaye angeweza kujua ni kitendo gani kimekuwa kosa. Ni hukumu ya kiufundi, ila imeshika kiini cha jambo. Sheria ya jinai isiyomwambia mtu mapema kosa ni lipi haifai kuitwa sheria.

Kuna njia ya zamani, isiyo na makofi, ya kumlinda aliye tumboni: kumpa haki moja moja, na kila moja kuiwekea masharti yake. Mirathi ya Kiislamu hufanya hivyo. Mtu akifa akamwacha mke mjamzito, fungu la aliye tumboni huwekwa kando. Akizaliwa hai analipata, akizaliwa mfu linarudi kwa warithi wengine. Anayempiga mjamzito mimba ikaporomoka ana fidia yake, ghurra, iliyo ndogo kuliko dia kamili, fidia ya mtu aliyeuawa. Hakuna fakihi aliyehitaji kwanza kutangaza utu wa jumla ndipo amlinde. Sheria za Uingereza nazo, tangu zama za jaji Edward Coke katika karne ya 17, ziliweka kwamba kosa la kuua huanza pale mtoto azaliwapo hai, na kumdhuru kabla ya hapo ni kosa jingine lenye jina lake. California ilipotaka kuibadili kanuni hiyo mwaka 1970, baada ya mwanamume kumpiga mtalaka wake mjamzito hadi mtoto akafa, bunge liliongeza neno kijusi kwenye kifungu cha mauaji na papo hapo likaandika kwamba hakimhusu mama aliyekubali mwenyewe. Mstari na kighairi chake viliandikwa pamoja, mbele ya macho ya watu.

Kanuni ile ya Coke ilipanda meli ikafika kwetu. Kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka mzima akiwa hai katika mwili wa mama yake, awe amevuta pumzi au la, kitovu kiwe kimekatwa au hakijakatwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina maneno hayo hayo, kwa kuwa wakoloni walinakili kutoka daftari moja. Lakini Agosti 2010 Wakenya walipitisha Katiba ambayo ibara yake ya 26 inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ibara hiyo hiyo, mistari miwili chini, inaruhusu mimba itolewe iwapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Tamko lilikuwa la kuwaridhisha makanisa, ambayo hata hivyo yaliipinga Katiba. Ruhusa ilikuwa ya kuwaridhisha madaktari. Kila upande ukaondoka na mstari wake.

Ukiuliza maswali ya Blackmun jijini Nairobi utapata majibu ya ajabu kama ya Texas. Anayetoa mimba kinyume cha sheria anakabiliwa na miaka 14. Mwanamke mwenyewe, tofauti na Alabama, miaka saba. Aliyetoa dawa au kifaa, mitatu. Hakuna inayokaribia adhabu ya kuua mtu. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, ikaufuta mwishoni mwa 2013. Msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kichochoroni na figo zikaharibika, alifariki mwaka 2018, kesi ya kupinga kufutwa kwa mwongozo huo ikiwa bado mahakamani. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuufuta mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru mama yake alipwe fidia ya shilingi milioni tatu.

Sheria ya Afya ya 2017 ilieleza mtaalamu ni nani: daktari, muuguzi, mkunga, tabibu mwenye mafunzo. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu havikuguswa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ya kijijini anayempokea mwanamke anayevuja damu usiku ana Katiba na Sheria ya Afya upande wake, na askari wa kituo kilicho mkabala ana kifungu cha 158. Wote wawili wanaweza kukunukuu sheria halali, na atakayeamua nani aende nyumbani asubuhi ni yule mwenye pingu.